Mama ana moyo unaodunda ovyo na sasa anasahau: vinahusiana?

Pole, dada. Umeuliza kama usahaulifu wa mama yako, miaka 74, unatokana na moyo au ni uzee tu. Usiuite uzee tu. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili, na moyo ndio unaoupelekea. Mapigo yasiyo na mpangilio huacha damu ituame kwenye chemba ya juu ya moyo na kuganda; vipande vidogo vikipanda kichwani huziba mishipa, mara nyingine bila dalili ya kupooza, na kumbukumbu hupungua kidogo kidogo. Presha ya miaka mingi nayo hukakamaza mishipa hiyo hiyo.

Hesabu mapigo ya mkononi kwa dakika 1 nzima, kwani sekunde 15 hudanganya mapigo yanaporukaruka. Presha ipimwe akiwa amekaa kimya dakika 5, mkono usawa wa moyo, asubuhi na jioni kwa siku 7, uandike.

Kliniki, ombeni ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na muulize kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Aspirini haichukui nafasi yake. Akiwa anatumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) kwa kawaida hutakiwa kati ya 2 na 3, na wanaosahau hurudia dozi, jambo la hatari sana: mpangieni vidonge kwa siku. Apimwe pia tezi ya shingo, vitamini B12 na sukari.

Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.