Mgeni akisema “Could I”, usimjibu “You could”

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja huku Nungwi. Juzi mgeni aliniuliza, “Could I leave my bags here?” Nikamjibu, “Yes, you could.” Akabaki amesimama ananitazama, begi mkononi. Mwenzangu anasema tulikosea wote wawili: ruhusa ni may tu, can na could ni za uwezo. Kanuni hiyo kaipata kwenye kozi ya WhatsApp. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mgeni wako hakukosea hata neno moja. Wewe umekosea kidogo, mwenzako amekosea sana.

Could ya mgeni haikuwa ya wakati uliopita. Ni can iliyolainishwa, kama sisi tunavyoiacha “naweza” tukasema “ningeweza” mbele ya mtu wa kuheshimiwa. Lakini ulaini huo ni wa mwombaji. Hebu jisemee kwa Kiswahili: “Ungeweza kuacha mizigo hapa.” Anayekusikia atangoja nini? Atangoja “lakini”. Ndicho alichokuwa anakingoja mgeni wako. Alistahili “Yes, of course” au “Yes, you can”, na mkono wako ukipokea begi.

Sasa hiyo kanuni ya mwenzako. Naletewa kila wiki, na kwa kweli inanikera. Sisi tukifika mlangoni kwa mtu hupiga hodi tukauliza, “Naweza kuingia?” Mwenye nyumba hawazi kwamba tunamuuliza habari za nguvu za miguu. Can nayo hubeba mambo yote mawili, uwezo na ruhusa, na Waingereza huitumia hivyo kila siku, nyumbani, dukani na kazini. May ni rasmi zaidi. Hapo mapokezi, “May I see your passport, please?” inapendeza sana.

Ila kuna jambo ambalo hao wa kozi hawalisemi. May I humpandisha unayemwomba. You may humpandisha anayeruhusu. Ni kauli ya mwalimu kwa mwanafunzi, au ya hakimu kwa shahidi. Mtu mzima aliyelipia chumba ukimwambia “You may sit”, umemfanya mtoto wa darasa la pili, na wewe ulidhani unamheshimu! May not ndiyo kali kabisa, lugha ya bango la bwawa la kuogelea. Ukilazimika kumkatalia mgeni ana kwa ana, sema “I'm afraid you can't smoke here.” Afraid ya hapo haina woga wowote, ni “samahani” tu.

Kanuni hii mbovu wengi tuliipata shuleni. Mtoto amebanwa na haja, ananyoosha mkono: “Teacher, can I go out?” Anajibiwa, “I don't know, can you?” Darasa zima linacheka. Mtoto aliomba ruhusa kwa Kiingereza sahihi, akaaibishwa. Nimefundisha watu wazima, wahudumu wa mikahawa na waongoza watalii, ambao hadi leo huona afadhali kuonyesha kwa kidole kuliko kufungua kinywa, wakihofia kicheko kile kile.

Na hofu hiyo ndiyo mtaji wa wauza kozi za “Kiingereza kwa siku 14”. Wanakukaririsha neno moja la adabu na kukuhakikishia kwamba mengine yote ni makosa, kwa sababu neno moja hufundishika upesi na pesa huingia upesi. Kujua nani anaongea na nani, anaomba au anaruhusu, hakuingii kwenye ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Kabla hujamtumia mtu wa namna hiyo hata shilingi, mwulize: mgeni akiniambia “Could I?”, nimjibu nini? Akikwambia “Yes, you could”, baki na pesa yako.