AC ya dirishani haipoozi tena: ni gesi kweli?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nina AC ya dirishani ya BTU 12,000, mwaka wa saba sasa iko chumbani kwangu hapa Tanga. Zamani ukiiwasha, baada ya muda mfupi tu unatafuta shuka. Siku hizi inanguruma usiku kucha na joto liko palepale. Upepo wa mbele umepungua, na kuna siku niliona barafu nyuma ya kava. Nikizima, maji yanadondoka ndani. Wakati mwingine inalia "tak", mngurumo unakata, feni inabaki peke yake, halafu baada ya dakika kadhaa inarudi. Mwaka jana fundi wa mtaani aliongeza gesi, ikawa nafuu kwa muda. Sasa anasema gesi imeisha tena. Nimlipe?

JIBU: Salama, dada yangu. Usimlipe kwanza. Gesi ya AC haiishi kwa matumizi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani, na mashine nyingi hufa na gesi ileile zilizozaliwa nayo. Ikipungua, basi pana mahali panavuja, na anayeongeza bila kutafuta panapovuja atarudi kwako kila mwaka. Halafu muulize: siku ile alipoongeza gesi, alisafisha na filta? Mara nyingi nafuu inatoka hapo, sifa inakwenda kwenye gesi.

Dalili zako mbili za mwanzo, upepo hafifu na barafu, zinanipeleka kwenye hewa. Koili ya ndani, yale mabomba yenye vibati vya alumini nyuma ya filta, inahitaji hewa ya chumba ipite juu yake kwa wingi. Filta ikiziba, au vumbi likishika kwenye koili yenyewe, hewa inayopita ni kidogo, koili inapoa kupita kiasi na unyevu unaganda juu yake. Barafu nayo inazidi kuziba njia ya hewa. Ukizima inayeyuka, na maji yakiwa mengi kuliko njia ya kuyatoa, yanakuja kwako. Hakikisha pia mashine imelala kidogo kuelekea nje. Fremu ya mbao ikioza, mashine huinamia ndani bila mtu kujua.

Lakini gesi pungufu nayo huleta barafu, kwa hiyo usiishie kuiona tu. Angalia imekaa wapi. Zima mpaka barafu yote iyeyuke, osha filta kwa maji na sabuni, ikauke, toa kava, washa kwenye baridi ya juu, kisha tazama kwa tochi kwa nusu saa ya kwanza bila kugusa ndani. Koili nzima ikitoa jasho kwa usawa, gesi huenda iko sawa. Ukungu mweupe ukishika kona moja tu, pale kibomba chembamba cha kapilari kinapoingilia, na sehemu nyingine ikabaki kavu na vuguvugu, hapo gesi imepungua kweli. Usingoje masaa mawili ndipo utazame, maana kufikia hapo barafu huweza kuwa imesambaa na haikuambii kitu.

Sasa hiyo "tak". Thamostati nayo hulia hivyo chumba kikishapoa, lakini chako hakipoi. Kwa hiyo, isipokuwa kisensa cha mbele kimeegemea koili kikadanganyika, hiyo ni kinga ya kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) inakata kwa sababu ya joto. Sababu kubwa mjini kwenu iko upande wa nje, ambao hauuoni ukiwa umelala. Koili ya nje ndiyo inayotupa joto la chumba, na ikifunikwa na vumbi, utando wa buibui na chumvi ya bahari, joto halina pa kwenda. Inabidi mashine ichomolewe kwenye plagi, ivutwe kutoka kwenye kasha (ni kazi ya watu wawili, ni nzito), ifungwe nailoni kwenye mota ya feni na boksi la umeme, kisha imwagiwe maji ya kawaida kutoka upande wa nje kuelekea feni, ili uchafu utoke ulikoingilia. Sabuni ya maji na brashi laini vinatosha. Mashine ya kuoshea magari hulaza vile vibati vya alumini vyote, na klorini au asidi huvila.

Ukikuta maji yamekaa kwenye trei ya chini, usitoboe tundu. AC nyingi za dirishani zina pete kwenye feni ya nje inayochota maji hayo na kuyarushia koili ipoe. Ule mlio wa "chwaa chwaa" ni wa kawaida.

Umeme nao uangalie. Mashine ya ukubwa huo hula ampea tano hadi sita hivi. Ukiichomeka kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji, volti hushuka. Zikifika chini ya 200, kompresa inahangaika, inapata moto, inakata. Ipe soketi yake. Kapasita, kifaa kinachoipa kompresa msukumo wa kuwaka, ikichoka dalili ni hizohizo, lakini hiyo mwachie fundi, kwa sababu hubaki na umeme hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Ukimaliza usafi, pima. Weka kipimajoto pale hewa inapoingilia, kisha pale inapotokea, mashine ikiwa imefanya kazi angalau robo saa. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Mwezi wa pili na wa tatu, unyevu ukiwa mkali, inaweza kupungua kidogo kwa sababu nguvu nyingine inatumika kukausha hewa. Kijiti cha kubadilisha hewa kiwe kimefungwa, la sivyo unalipia kupooza barabara.

Tofauti ikiwa ndogo na usafi umefanyika, mwite fundi, ila umuulize ana mizani. Kibandiko cha mashine kinaandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. R-22 na R-410A hazichanganywi, na presha zake zinatofautiana sana. Kazi ya halali ni kutafuta panapovuja, kuchomelea, kuvuta hewa yote kwa pampu, ndipo gesi iingie kwa kupimwa. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imepoa, inatosha" anaweza kuwa amezidisha mwaka jana, na gesi ikizidi mashine pia haipoozi, na kompresa hukata vilevile.

Kabla hujakubali gharama hizo, gusa vibati vya koili ya nje kwa ncha ya kidole, plagi ikiwa nje. Vikibomoka kuwa unga mweupe, chumvi imeshamaliza kazi: joto halihami tena kutoka kwenye bomba la shaba kwenda hewani, hata gesi iwe kamili. Hapo pesa ya gesi iweke kwenye mashine mpya, na dukani uulizie yenye koili iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu.