Bango la bonanza: kabla ya rangi, nenda kakae kijiweni

Mkuu, umeuliza rangi zipi "zinavuta watu" kwenye bango la bonanza la soka na netiboli mtaani kwenu. Kwangu mimi rangi inakuja baadaye. Kwanza ujue nani atapita mbele ya hilo bango, na atakuwa anafanya nini. Nimedizaini mabango ya ndondo, yaani mashindano ya soka la mtaani, hapa Dar kwa miaka kadhaa, na haya nimeyajua baada ya kazi kuniharibikia.

Bango langu la kwanza nililipiga nyekundu na nyeupe. Kwenye skrini lilipendeza kweli. Siku mbili baada ya kubandikwa, vijana wa bodaboda wakawa wanauliza kama ni shughuli ya tawi la Simba. Wale wa Yanga hawakufika hata mstari wa pili. Hizi ni klabu za tangu 1935 na 1936, mtu amerithi rangi kwa babu yake, huwezi kumwambia nyekundu yako ni nyekundu tu. Nikataka kubadili iwe kijani na njano, mwenyekiti wa kamati akanizuia, na alikuwa sahihi: hizo ni za Yanga na ni za CCM pia, na mwaka wenyewe ulikuwa 2020, wa uchaguzi mkuu. Watu wangeona kampeni. Tukaishia kwenye rangi ya chungwa juu ya nyeusi, kwa sababu moja tu: pale mtaani haikuwa na mwenyewe.

Kosa lililoniuma zaidi ni la netiboli. Nilichukua mtandaoni picha ya binti anarusha mpira golini. Nikawapelekea rasimu dada wawili wa timu. Mmoja hakuiangalia hata sekunde tatu: "Kaka, hii ni basketi. Ringi yetu haina ubao nyuma." Kweli haina. Tena mchezaji wa netiboli hakimbii huku anadunda mpira, na kifuani anavaa herufi za nafasi yake: GS, GA, C. Dada wa watu anaamka alfajiri kwenda mazoezini, halafu bango la mashindano yake linamwonyesha mchezo mwingine! Tangu siku hiyo sitoi picha ya mchezo bila kuipitisha kwa anayeucheza. Bora zaidi, nenda mazoezini na simu, omba ruhusa, piga picha wachezaji wenyewe. Watu wakimwona mtu wanayemjua ukutani, wanasimama.

Utafiti wenyewe hauli hela. Nenda pale bango litakapobandikwa, kijiweni, saluni, kibanda umiza (kibanda cha kuonyesha mechi kwenye TV), ukae nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Saluni watu wamekaa, watasoma hata ratiba ya makundi. Barabarani mtu yuko juu ya bodaboda, ataondoka na maneno matatu. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 inasomeka vizuri ukiwa mita 3 hivi, kwa hiyo kama ukuta uko ng'ambo ya barabara, kuza sana au punguza maneno. Mimi siku hizi natengeneza mawili: la kupita na la kukaa.

Ukizungumza na watu usiwaulize wanapenda rangi gani, watakujibu kukufurahisha. Uliza: mechi ya mwisho uliyokwenda, ulizisikia wapi habari zake? Ile nyingine mbona hukwenda? Akina mama waliniambia hawajui mechi inaisha saa ngapi, na hawataki giza liwakute njiani na watoto. Nikaongeza saa ya kumaliza. Na andika "saa 10 jioni", usiandike 16:00. Uwanja nao uite wanavyouita wenyeji. Barua ya kamati ilisema uwanja wa shule ya msingi, lakini mtaa mzima unasema Mwembeni, basi nikaandika Mwembeni.

Rasimu ikiwa tayari, chapa nakala moja ya A3. Mwonyeshe mtu asiyekujua kwa sekunde 5, ifunike, umuulize: ni nini, wapi, lini? Fanya hivyo kwa watu kumi. Wengi wakikosa siku, punguza nembo za wadhamini, maana mara nyingi ndizo zilizokula nafasi. Wadhamini watalalamika. Majibu ya wale kumi yaandike kwenye daftari, uende nalo kikaoni.