Fundi anasema ataifufua betri ya gari langu la kuchomeka. Nimkubalie?

SWALI: Nina Mitsubishi Outlander PHEV ya mwaka 2014, yaani yenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchomeka kwenye umeme. Nilipoinunua, ikijaa chaji nilikuwa naenda kilomita 40 bila injini kuwaka. Sasa ni 26 tu. Fundi anasema lithiamu mwisho wake miaka minane, bora nikeli kama ya Prius. Anataka aifufue kwa kompyuta, au aifungue abadilishe seli mbovu, yaani vile vijibetri vidogo vinavyounda betri nzima. Nichague lipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Usichague hata moja.

Habari hiyo ya Prius inasemwa kila gereji. Prius ya kawaida ya zamani, isiyochomekwa, ina betri ya nikeli ya kilowati-saa 1.3 hivi (kilowati-saa moja ni uniti moja ya umeme), na kompyuta haiiachi ishuke sana wala ijae kabisa. Ndiyo maana inadumu. Yako ina kilowati-saa 12, unaishusha na kuijaza kila siku. Nikeli ya kiasi hicho ingekuwa mzigo mzito mno. Hata Toyota walipoanza kuuza Prius ya kuchomeka mwaka 2012, waliifunga lithiamu.

Na lithiamu si aina moja. Zile za chuma na fosfeti, ambazo kampuni ya China BYD wanafunga kwenye magari yao ya kuchomeka, ni nzito zaidi kwa umeme uleule lakini zinastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi. Yako si ya aina hiyo. Kinachoila ni joto, hasa ikikaa imejaa huku gari liko juani. Miaka minane ni muda wa dhamana ambao watengenezaji wengi wanautoa. Betri haifi siku dhamana inapokwisha.

Sasa huko kufufua, ambako kunaniudhi kuliko yote. Anachofanya huyo fundi ni kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Kompyuta ikishasahau, inaanza kukisia upya, na inakisia kwa ukarimu: ampea-saa (kipimo cha uwezo wa betri) zilizokuwa 27 zinaruka hadi 38 kwenye skrini. Mteja anaonyeshwa, analipa, anaondoka akishukuru. Baadaye namba inaanza kushuka tena, kwa sababu seli ni zilezile. Lithiamu iliyokwama kwenye utando unaoota ndani ya seli hakuna programu inayoirudisha.

Kama unataka ukweli, tumia mita ya LUKU. Endesha hadi umeme wa kuendea uishe na injini iwake yenyewe, rudi nyumbani, zima friji na vyote vingine, chomeka gari usiku kucha, kisha hesabu uniti zilizotumika. Ilipokuwa mpya ilivuta karibu uniti 10, si 12, kwa sababu injini huwaka kabla betri haijaisha kabisa. Ukipata 6 na nusu, betri imechoka kwa theluthi moja hivi, na hizo kilomita 26 zako zinalingana kabisa na hesabu hiyo. Gari la namna hiyo bado linafaa kwa mizunguko ya mjini. Litumie.

Kuhusu kuifungua: ndani mna seli 80 zilizofuatana kama mnyororo, jumla volti 300. Ukichomeka seli mpya mbili kati ya 78 zilizochoka, uwezo wa betri nzima bado unafuata ile dhaifu kuliko zote. Mafundi wengi walijifunzia kwenye Prius, ambako wanabadilisha kipande kimoja kimoja, wakadhani lithiamu nayo ni hivyo hivyo. Siyo. Machi 2013 betri ya Outlander kama yako ilipata joto huko Japani hadi ikayeyuka kwa sehemu, na Mitsubishi wakasimamisha uzalishaji. Chanzo kilichotajwa ni seli zilizopata mshtuko kiwandani. Kama kiwandani yametokea hayo, vipi kwenye gereji ya mchanga, kwa bisibisi na mikono mitupu?

Hivyo hivyo kwa wanaouza betri "zilizofanyiwa sevisi" kwa picha ya skrini. Dai ishushwe hadi chini kisha ijazwe mbele yako, uhesabu umeme uliotoka na ulioingia. Muuzaji akikataa, usimpe hata shilingi ya kishika nafasi.