Maswali ya Wasomaji: Hadithi za Ajabu Kabla ya Kulala

SWALI: Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitano, nakaa Umoja, hapa Nairobi. Kila jioni humsomea kitabu cha zamani cha Kiingereza kuhusu Alice, msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura. Mwanangu hunikatiza kwa maswali karibu kila mstari, nami hulazimika kufasiri kwa Kiswahili. Tena yule Malkia anayeamuru watu wakatwe vichwa amemtia hofu. Mama mkwe ananishauri ningoje hadi mtoto ajue kusoma mwenyewe. Je, niache?

JIBU: Usiache, mama. Hadithi hiyo ilianza kwa mdomo: tarehe 4 Julai 1862, mwandishi wake, Lewis Carroll, aliwasimulia mabinti watatu wa familia ya Liddell wakiwa ndani ya mashua karibu na Oxford, na mmoja wao, Alice, akamsihi aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865. Kwa hiyo unapofunika ukurasa kwa kiganja na kumweleza mwanao kwa maneno yako mwenyewe, hukiharibu hata kidogo. Ukichoka kufasiri, tafuta tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Kuhusu maswali, naumia sana ninaposikia mzazi akimwambia mtoto anyamaze asikilize. Mtoto wa kwetu anamjua Sungura kuwa mjanja anayewalaghai Fisi na Simba. Sasa anakutana na sungura mwenye kizibao, anayechomoa saa mfukoni na kulalamika kwamba amechelewa. Lazima aulize! Mrudishie swali: "Wewe unadhani anakimbilia wapi?" Kisha ngoja, hata akikaa kimya kwa muda mrefu, kwa maana hapo ndipo anapoijenga picha kichwani mwake. Si lazima umweleze kila neno. Mashairi yaliyomo unaweza kuyaruka, kwani mengi yanaigiza kwa mzaha mashairi ambayo watoto wa Uingereza wa wakati huo walikaririshwa shuleni.

Hofu ya mwanao usiipuuze. Mwambie mapema, tena kwa uwazi, kwamba Malkia hupiga kelele tu: ndani ya kitabu chenyewe Grifoni, kiumbe wa kubuni mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, anamwambia Alice kuwa hakuna anayekatwa kichwa kamwe. Sehemu za Malkia zisome mchana siku ya Jumamosi, na usiku chagua karamu ya chai au Paka anayetoweka polepole mpaka likabaki tabasamu lake peke yake. Kurasa mbili au tatu zinatosha kwa mtoto wa umri huo.

Mama mkwe naye mkaribishe kitandani. Usiku mmoja usome wewe, usiku wa pili aanze yeye, "Paukwa!", mtoto aitikie "Pakawa!", naye amsimulie Sungura wake, kisha mwacheni mtoto mwenyewe aseme ni yupi kati ya hao wawili ambaye angependa kumfuata shimoni.