Njoo Inboksi, Mpendwa

Jana usiku nimepitia kurasa za mabinti watatu wanaouza vitenge kama mimi. Picha kali, mwanga safi, mdoli kafungwa kilemba cha nguvu. Chini yake sasa: "Bei?" "Bei gani dada?" "Mpo wapi?" Na kila mtu kajibiwa lile lile: "Njoo inboksi mpendwa." Nilicheka, kisha nikanuna, maana huo ujinga ni wangu. Mwaka mzima niliwaita watu inboksi kana kwamba nimepika pilau huko.

Wadogo zangu, sogeeni.

1. Andika bei. Unaogopa jirani wa Kariakoo ataiona? Ameshaiona. Yule "mteja" aliyekuuliza juzi akapotea ni mdogo wake.

2. Chukua daftari, hata lile la madeni, andika kila swali uliloulizwa wiki hii kwa maneno ya mteja mwenyewe. Usiyasafishe. Mteja hasemi "huduma ya usafirishaji mikoani", anasema "Mbeya kinafika lini na nitajuaje hamnitapeli?" Hicho ndicho kichwa cha posti yako. Mimi nilikwenda na mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikarekodi unavyopokelewa na risiti inavyoandikwa. Nusu ya video ni mpiga debe anagombania abiria, lakini ndiyo iliyonipa wateja wa mikoani. Namba ya simu ya mteja ziba, tafadhali.

3. "Pisi moja inatosha gauni?" Yadi 6, inategemea mwili na mshono. Usijibu wewe, mrekodi fundi akiwa na futi shingoni. Wangu alianza kueleza marinda, akaishia kuwasema wanaoleta kitambaa Ijumaa wakitaka kuvaa Jumamosi. Sikukata hata sekunde.

4. "Kinachuja?" Hapa kaeni chini kabisa.

Swali hili lilinikera, niliona ninaitwa tapeli. Nikasema ngoja niwafunge midomo wote kwa posti moja, maandishi mekundu: HAKICHUJI HATA KIDOGO. Nilikuwa nimekifua? Wapi! Aliyeniuzia jumla aliniambia hakichuji, nikamwamini kwa kuwa ilinifaa kumwamini. Posti ikatembea, watu wakaiweka stetasi. Mama mmoja wa Morogoro akaagiza pisi 12, sare ya kina shangazi kwenye sendofu ya binti yake. Zikashonwa vizuri, lesi nyeupe shingoni na mikononi. Shangazi mmoja, mtu wa usafi, akaloweka gauni lake siku mbili kabla ya sherehe.

Picha ilinifikia saa nne usiku, bila salamu. Ile lesi ilikuwa kama imechovywa kwenye wino. Chini yake yule mama akanirudishia posti yangu mwenyewe, na wekundu wake wote. Hakutukana. Afadhali angetukana. Nikaandika "pole mama", nikafuta, nikaandika "labda sabuni", nikafuta hilo haraka zaidi. Halafu nikazima data nikajifunika shuka. Mtu mzima na akili zangu, naikimbia simu.

Asubuhi nikapiga. Nikarudisha hela ya pisi zote 12 na nusu ya ufundi, na mtaji wa mwezi ule ukaishia hapo. Kina shangazi walivaa hivyo hivyo, wamekubaliana kutotoa jasho.

Tangu hapo kila mzigo mpya naukata kipande, naloweka kwenye beseni jeupe, narekodi maji tangu mwanzo hadi mwisho. Kikichuja nasema kinachuja, kifuliwe peke yake, na bei naishusha. Na vinanunuliwa! Kumbe watu hawakuwa wanataka kisichochuja tu, walitaka kujua.

5. WhatsApp ya biashara ina majibu ya haraka: yaweke, vidole vipumzike. Na stetasi inakufa baada ya saa 24, kwa hiyo rudia bila aibu. Aliyeiona jana hakuisoma.

Leo asubuhi dada mmoja kaniuliza kama kile cha buluu kinachuja. Nikamtumia video ya beseni. Akaitazama yote, akaandika: "Sawa dada, nimependa. Bei?"

Bei iko kwenye picha. Kubwa. Ya njano.