Kabla hujaiita sarafu ya kosa la kiwandani

Wadogo zangu mnaokusanya sarafu hapa Dodoma, siku hizi kila nikipita Majengo naonyeshwa "makosa ya kiwandani" yaliyotengenezwa kwa nyundo. Tukae tuongee.

1. Kosa la kiwandani hutokea kabla kisahani, yaani kile kipande bapa cha metali kisicho na picha bado, hakijagongwa chapa, au wakati kinagongwa. Baada ya hapo kila kitu ni jeraha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize mashine ingefanyaje jambo kama hilo.

2. Lenzi ya mara kumi na mizani ya sonara. Usitoke bila hivyo.

3. Sarafu ya shilingi mia mbili yenye herufi za kinyume. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kijana mmoja, mwenye bidii kweli, alitoa nauli yake ya Kondoa kununua mia mbili yenye herufi zilizogeuka kwenye shavu la Karume. Aliambiwa sarafu iliyotangulia ilinasa mashineni. Jambo hilo lipo: sarafu ikinasa kwenye chapa, kile chuma kinachogonga picha, kisahani kinachofuata hugongwa na mgongo wake. Upande mmoja hutoka sawa, na wa pili hubeba picha ileile ya upande wa kwanza, imezama na kugeuka kama kwenye kioo. Ingekuwa hivyo, angeona Karume huku na Karume aliyezama kule, simba hayupo. Yake ilikuwa na Karume, ina simba, halafu herufi zimegandamizwa juu yake. Tulipoiangalia kwa lenzi, shavu lilikuwa bapa pale penye herufi, na upande wa pili simba kasagika mahali palepale. Ni sarafu mbili zilizobanwa kwenye jiriwa. Kilichoniuma zaidi, lenzi alikuwa nayo mfukoni siku ananunua.

4. Iliyomegeka ukingoni. Ya kweli, kisahani kilikatwa kwa kupandana na tundu lililokwisha kutobolewa kwenye bamba la metali. Kikigongwa, metali husukumwa kuelekea kwenye pengo, herufi za hapo zinavutika na kukonda, na mara nyingi ukingo wa upande unaotazamana na pengo unakuwa hafifu. Mkasi wa bati huacha herufi nono mpaka pale ulipopita.

5. Rangi. Mia tano yetu iliyotoka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, na maji ya betri yanaweza kuubabua mpako huo. Huo ni uharibifu. Sumaku nayo msiiachie kazi yote. Senti ya Marekani ya 1943 ilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani, na chache mno ziligongwa kwenye visahani vya shaba. Walaghai hupaka za chuma rangi ya shaba, na hizo sumaku inazikamata. Wengine huchukua ya 1948, wakachonga ile 8 iwe 3. Hiyo ni ya shaba, sumaku haitaigusa. Angalia tarakimu ya mwisho kwa lenzi.

6. Na jamani, msisugue! Ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno, vyote vinafuta alama zilezile ninazozitafuta. Ileteni na uchafu wake.